Wameshinda tisa wanalia, walioshinda sita wanacheza ngoma: msimu wa timu ya chuo Marekani unahesabiwaje?

Swali: Mimi ni mkazi wa Kamalondo hapa Lubumbashi, mtu wa mpira tangu utoto. Mpwa wangu anasoma Marekani, na kila mwisho wa wiki ananitumia matokeo ya timu ya chuo chao, ule mpira wa kubeba kwa mikono. Mwaka juzi walishinda mechi sita wakafungwa sita, akaniambia chuo kizima kinashangilia, timu inasafiri kwenda kucheza Florida. Mwaka jana wakashinda tisa wakafungwa tatu, akaniambia msimu umeharibika na kocha afukuzwe. Nikamuuliza: tisa si nyingi kuliko sita? Akacheka, akasema, "Mjomba, huwezi kuelewa." Naomba nieleweshwe.

Jibu: Papa, mpwa wako hajakudanganya. Kakosa subira tu, na nusu ya jibu unayo tayari. Mwaka 2010 Mazembe ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi, nani hapa mjini alikuwa anahesabu imepoteza mechi ngapi za ligi? Kuna mechi zinazofuta nyingine. Kwenye mpira wa vyuo vya Marekani, karibu msimu wote uko hivyo.

Kwetu ukishinda unapata pointi tatu, ukitoka sare moja, na mwisho wa msimu jedwali linamtaja bingwa hata kama humpendi. Vyuo vya Marekani havina jedwali moja la namna hiyo, na haviwezi kuwa nalo. Daraja la juu lina timu zaidi ya 130. Kila timu inacheza mechi 12 za kawaida, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, nyingi zikiwa Jumamosi. Haziongezwi kirahisi, kwa sababu mchezo ni wa kugongana mwili kwa mwili na mtu anahitaji wiki nzima kupona. Piga hesabu mwenyewe: timu inamaliza msimu bila kukutana na tisa katika kila wenzake kumi. Sasa aliyeshinda tisa upande huu na aliyeshinda nane upande ule, ambao hawajaonana uwanjani wala hawana hata mpinzani mmoja wa pamoja, utawapangaje? Inabidi watu wakae, wabishane, waamue.

Mchezo wenyewe nitaupitia haraka. Ni watu 11 kwa 11, dakika 60 zilizogawanywa mara nne. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifika, inapewa mengine manne, isipofika, mpira unakwenda kwa wenzao. Ukiufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza linaongeza 1. Teke la kupita katikati ya milingoti miwili ni pointi 3. Ndiyo maana utaona matokeo kama 41 kwa 34 ukadhani walinzi walilala. Mchezaji wa kumkariri jina ni kwotabeki, yule anayepokea mpira kila mara na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao. Huyo akiumia, msimu umeumia naye.

Turudi kwenye sita na tisa zako. Sitatumia timu ya mpwa wako, nisije nikawachonganisha. Nitachukua msimu wa 2024, ambao ni kama ulichezwa makusudi kujibu swali lako.

Alabama ni miongoni mwa wakubwa kabisa. Chini ya kocha Nick Saban ilichukua ubingwa wa taifa mara sita, wa kwanza msimu wa 2009, wa mwisho msimu wa 2020. Vanderbilt, chuo cha mjini Nashville, kinasifika kwa madarasa yake. Uwanjani kilizoeleka kuwa kitoweo cha wenzake, na mwaka 2023 kilishinda mechi mbili tu katika 12. Zote mbili ziko konferensi moja, SEC. Konferensi ni kama ligi ya kanda: timu zake hucheza nyingi ya mechi zao zenyewe kwa zenyewe na mwisho hutoa bingwa wao. SEC ina timu 16 na wengi huiona ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa watu wa Big Ten, konferensi nyingine kubwa, watakupinga mpaka usiku.

Tarehe 5 Oktoba 2024 Alabama ilifika Nashville ikiwa namba moja kwenye orodha ya nchi nzima. Wiki moja kabla ilikuwa imeipiga Georgia 41 kwa 34. Vanderbilt haikuwa imeifunga Alabama tangu 1984. Ikashinda 40 kwa 35. Kwotabeki wake, Diego Pavia, alikuwa amehamia pale mwaka uleule kutoka New Mexico State, chuo ambacho wakubwa hawakitazami hata kwa jicho moja. Filimbi ya mwisho ilipolia mashabiki waliingia uwanjani, wakang'oa milingoti ya goli, wakaibeba mabegani kupita barabara kuu ya mji, mtaa wa baa na muziki, watalii wakiwapisha na kupiga picha, mpaka mto Cumberland, wakaitupa majini. Milingoti ya chuma, Papa, wameitembeza mjini kama jeneza la adui.

Vanderbilt ikamaliza mechi za kawaida na ushindi sita, vipigo sita. Alabama ikamaliza na tisa na tatu. Ni hesabu zako zilezile. Nashville walikuwa kwenye sherehe, na Tuscaloosa, mji wa Alabama, kulikuwa matanga.

Kwa nini Vanderbilt washerehekee sita? Kwa sababu sita ndiyo kizingiti. Timu ikifikisha ushindi sita katika mechi 12 inastahili kualikwa kwenye mechi ya ziada ya mwisho wa mwaka, zile zinazoitwa boli. Ziko kama 40 hivi, katika miji mbalimbali, mingi ya kusini kwenye joto, ndiyo maana timu ya mpwa wako ilikwenda Florida. Nyingi za mechi hizo hazibadilishi lolote kuhusu ubingwa. Lakini kwa timu ndogo ni safari, ni kuonekana kwenye televisheni, na zaidi ya yote ni wiki kadhaa za mazoezi ya ziada mwezi wa Desemba, wakati walioshindwa kufika sita wameshavua viatu. Kocha anayejenga timu changa atakuambia mazoezi hayo ni mali kuliko mechi yenyewe. Ukitoka kwenye ushindi mbili ukafika sita, umepanda ngazi. Vanderbilt walipelekwa Birmingham, ndani ya jimbo la Alabama penyewe, wakaifunga Georgia Tech 35 kwa 27.

Alabama yeye hakuwa anatafuta boli. Alikuwa anatafuta kuingia kwenye mchujo wa ubingwa, na huo ndio uliomfungia mlango.

Tangu msimu wa 2024 mchujo unachukua timu 12. Kuanzia msimu wa 2014 zilikuwa nne tu. Msimu ule wa 2024 nafasi tano zilikuwa za mabingwa wa konferensi walio juu zaidi kwenye orodha, na saba zilizobaki zilijazwa kwa kufuata orodha ileile. Anayeipanga orodha hiyo ni kamati ya watu 13. Kaa nayo akilini kama kikao cha wazee wa ukoo wanaopima wachumba: wanauliza umemfunga nani, umefungwa na nani, wapi, lini, kwa tofauti gani, na ulionekanaje ulipofungwa. Wanatoa orodha kila wiki kuanzia Novemba, kwa hiyo nchi nzima inapata wiki nzima ya kuwatukana.

Alabama ilikuwa na vipigo vitatu: Vanderbilt, kisha Tennessee 24 kwa 17, kisha mwezi wa Novemba Oklahoma, tena kwa 24 kwa 3. Hicho cha mwisho ndicho kilichomaliza kazi. Kufungwa na timu iliyokuwa ikisuasua, mwishoni mwa msimu, bila kupata hata tachidauni moja, kamati haisahau. SMU ya Dallas, yenye vipigo viwili tu lakini iliyokutana na wapinzani wepesi zaidi, ikachukuliwa. Alabama ikaachwa. Kelele zilizopigwa siku ile sitaki kukusimulia.

Halafu angalia Clemson. Nayo ilikuwa na vipigo vitatu, lakini ikaingia. Ilicheza fainali ya konferensi yake, ACC, dhidi ya SMU hiyohiyo, na kwa teke la yadi 56, zaidi ya mita 50, muda ukiwa umekwisha, ikashinda 34 kwa 31. Bingwa wa konferensi aliyemo katika wale watano hana haja ya kubembeleza kamati. Kwa hiyo ukisikia "vipigo vitatu", usitoe hukumu kabla ya kuuliza kama waliingia fainali ya konferensi yao. Mimi binafsi naona kamati haikukosea mwaka ule. Timu iliyofungwa 24 kwa 3 mwezi wa Novemba haina wa kumlilia. Najua wapo watakaoniandikia kupinga.

Sasa nikuongezee jambo ambalo huenda mpwa wako mwenyewe hataki kulisikia, maana vijana hutangaza msiba mapema. Mwaka uleule wa 2024, Ohio State ilipoteza mechi mbili za kawaida. Moja kwa Oregon, ugenini, kwa pointi moja, 32 kwa 31. Hiyo watu waliimeza. Ya pili ilikuwa nyumbani, tarehe 30 Novemba, mbele ya Michigan, timu iliyokuwa na msimu mbaya na ikamaliza mechi za kawaida na ushindi saba tu. Matokeo yalikuwa 13 kwa 10. Baada ya filimbi wachezaji wa Michigan walijaribu kuisimika bendera yao katikati ya uwanja wa wenyeji, ngumi zikarushwa, polisi wakatumia gesi ya pilipili.

Ukitaka kuelewa, weka dabi ya Mazembe na Lupopo, kisha ufikirie inachezwa mara moja tu kwa mwaka, Jumamosi ya mwisho ya msimu wa kawaida, na aliyeshindwa anakaa na aibu siku 365 bila marudiano. Michigan na Ohio State walikutana mara ya kwanza 1897. Ohio State ilikuwa imeshafungwa mara tatu mfululizo na Michigan, hii ikawa ya nne. Kule Columbus, mji wa Ohio State, ungedhani timu imeshuka daraja. Mashabiki walitaka kocha Ryan Day aondoke palepale, akiwa na ushindi kumi.

Lakini mchujo sasa una nafasi 12. Ohio State ikaingia ikiwa na mzigo wake, ikaifunga Tennessee 42 kwa 17, ikalipa deni kwa Oregon 41 kwa 21, ikaitoa Texas 28 kwa 14, na tarehe 20 Januari 2025 mjini Atlanta ikachukua ubingwa wa taifa kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23. Na hao Notre Dame, je? Mwezi wa Septemba walikuwa wamefungwa nyumbani kwao 16 kwa 14 na Northern Illinois, timu ndogo iliyoalikwa na kulipwa ili ije icheze pale. Kwa kawaida mgeni wa namna hiyo anakuja kupigwa, anachukua hundi, anapanda basi. Wakubwa hununua mechi za namna hiyo mwanzoni mwa msimu kupasha misuli. Ndiyo maana ushindi wa Septemba usiupokee kabla hujauliza mpinzani ni nani. Lakini Notre Dame wakashinda zote zilizofuata mpaka fainali. Wote wawili waliofika Atlanta walikuwa na kipigo cha kuficha uso. Chini ya mfumo wa timu nne, nadhani wote wangetazama Januari wakiwa nyumbani.

Kwa kuwa tumetaja Michigan na Ohio State, kuna Mkongomani ndani ya habari hiyo, na nashangaa vijana wetu hawamjui. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Kanada eneo la Montréal, akaenda kusoma na kucheza Michigan. Kazi yake ilikuwa kukimbia na mpira. Tarehe 25 Novemba 1995 Ohio State ilifika Ann Arbor, mji wa Michigan, ikiwa imeshinda zote 11, namba mbili nchini. Biakabutuka akawakimbilia yadi 313 katika mechi moja, karibu mita 286, kila mita kukiwa na mtu wa kilo mia na zaidi anataka kumlaza chini. Michigan ikashinda 31 kwa 23. Michigan yenyewe ilikuwa imeshapoteza mechi tatu na haikuwa inawania ubingwa wowote. Aliyefaidika ni Northwestern, mwenzao wa konferensi ya Big Ten, aliyekuwa amekaa kwake, akapata tiketi ya boli kubwa ya Rose Bowl. Mwaka uliofuata Biakabutuka alichaguliwa wa nane katika nchi nzima na timu ya kulipwa ya Carolina Panthers. Uwanja wa Michigan leo una nafasi 107,601. Ule wetu wa Mazembe pale kwenu Kamalondo una 18,500. Na hiyo ni timu ya wanafunzi.

Mpwa wako pengine amekuambia pia kwamba wachezaji bora waliondoka kabla ya boli ya mwisho, nawe ukaona ni utovu wa nidhamu. Hapo mambo yamebadilika sana. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia sehemu ya mapato moja kwa moja. Kuhama chuo nako kumerahisishwa: mchezaji anaweka jina lake kwenye orodha ya uhamisho, na vyuo vinamfuata. Pavia wa Vanderbilt alikuja kwa njia hiyo. Mwenye uhakika wa kuchukuliwa na timu za kulipwa naye anaogopa kuvunjika goti kwenye mechi isiyo na uzito. Kwa hiyo timu unayoiona Desemba inaweza kuwa nusu ya ile ya Oktoba.

Mfano mchungu ni Florida State, mwaka 2023. Walishinda zote 13, fainali ya konferensi ikiwemo, wakawa mabingwa wa ACC. Lakini mwezi wa Novemba kwotabeki wao, Jordan Travis, alivunjika mguu, na kamati, wakati ule nafasi zikiwa nne, ikasema bila yeye hii si timu ileile. Wakaachwa nje bila kufungwa hata mara moja. Wengi wa wachezaji wao wakubwa wakakataa kucheza boli waliyopewa, Orange Bowl, na Georgia ikawapiga 63 kwa 3. Mwaka uliofuata Florida State ilishinda mechi mbili tu. Pale kamati nadhani ilikosea. Ukishinda 13 kwa 13 na bado ukaambiwa haitoshi, basi mechi za Septemba zilichezwa za nini?

Kuhusu kocha wa kufukuzwa, usishangae. Kocha anapimwa kwa kile chuo kinachoamini kinastahili, zaidi ya matokeo ya Jumamosi iliyopita. Novemba 2023 Texas A&M ilishinda 51 kwa 10, na kesho yake ikamfukuza kocha Jimbo Fisher, huku mkataba ukikidai chuo zaidi ya dola milioni 75 za kumlipa akae nyumbani. Alikuwa na ushindi sita na vipigo vinne. Vanderbilt wangemjengea sanamu.

Kwa hiyo mpwa wako akikutumia tena "tisa na tatu", muulize mambo haya. Kabla ya msimu mlitegemea nini? Hao watatu waliowafunga ni akina nani, na ilikuwa Septemba au Novemba? Mliingia fainali ya konferensi? Na yule jirani mnayemchukia, mlimfanya nini? Akijibu kwamba walianza wakiwa kwenye kumi bora, wakafungwa mara mbili mwezi wa Novemba, na moja ya hizo ni kwa jirani, basi mpe pole, ana haki ya kulia. Akijibu kwamba walipoteza zote tatu mapema kwa timu kubwa na kwotabeki wao ni kijana wa mwaka wa kwanza, mwambie aache kumsumbua kocha.

Ukitaka kutazama mwenyewe, mechi ya saa sita mchana ya mashariki ya Marekani inaanza saa kumi na mbili jioni hapa Lubumbashi kwa miezi ya Septemba na Oktoba. Kuanzia Novemba wanaporudisha saa zao nyuma, inakuwa saa moja usiku. Michigan na Ohio State mara nyingi hucheza mchana, kwa hiyo utaipata baada ya chakula cha jioni. Zile za usiku wao zinaanza huku saa saba na nusu, watu wa kwaya wanakaribia kuamka. Hizo mwachie mpwa wako.